Mtoto Akinyamaza Shuleni, Nani Atamsikia?

Kila mwaka, mwezi wa Januari, twawaona kando ya barabara. Sanduku la bati, godoro lililofungwa kamba, ndoo, jembe lenye mpini mpya, na katikati ya vitu hivyo amesimama mtoto wa miaka 13 au 14, viatu vyeusi vinambana. Baba humwambia maneno machache: "Kasome, mwanangu. Usituaibishe." Mama humtia fedha kidogo mkononi. Basi linafika, mtoto anapanda, na wazazi wanarudi shambani mioyo imetulia. Wamepeleka mtoto sekondari. Kazi yao imekwisha.

Je, imekwisha kweli?

Wasomaji wapenzi, leo tuzungumze habari ya mtu mmoja aliye shuleni ambaye wazazi wengi hawamjui, wala hawajapata kumwuliza jina. Mtu huyo ni mwalimu mshauri. Wengine humwita mwalimu wa malezi, au mwalimu wa unasihi. Kazi yake ni kumsikiliza mtoto.

Shida anazozikuta mtoto

Tusidhani kwamba shida ya mwanafunzi ni hesabu tu. Hapa Tanzania watoto wetu wengi hufundishwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi. Wakiingia Kidato cha Kwanza masomo hugeuka yakawa ya Kiingereza. Mtoto aliyekuwa wa kwanza kijijini anaulizwa swali, analijua jibu, lakini hana maneno ya kulisema. Ananyamaza. Wenzake wanacheka. Kesho yake hainui mkono tena.

Tena kuna shida ya mwendo. Tangu mpango wa kuendeleza elimu ya sekondari ulipoanza mwaka 2004, kata nyingi zimejenga shule zao, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini kata ni kubwa. Mtoto anayekaa mbali huamka kabla ya jogoo, au wazazi humpangia chumba karibu na shule, ambacho vijana hukiita "geto". Humo mtoto hujipikia, hujilaza, na hujiamulia mambo peke yake. Anayebisha hodi usiku, mzazi hamjui.

Kisha, tangu Januari 2016, ada ya Kidato cha Kwanza mpaka cha Nne iliondolewa katika shule za Serikali. Watoto wa maskini waliokuwa wakibaki nyumbani wakaingia darasani. Ni heri kubwa! Lakini madarasa yakajaa, na mwalimu mwenye watoto wengi namna hiyo hawezi kuutazama uso wa kila mmoja.

Shirika la Afya Duniani husema kwamba ulimwenguni kijana mmoja kati ya saba, wenye umri wa miaka 10 mpaka 19, ana ugonjwa wa akili wa namna fulani. Tusiogope neno hilo. Si wote wanaookota makaratasi njiani. Wengine ni wale wenye huzuni isiyokwisha, au hofu isiyo na sababu, nasi twawaita wavivu.

Mvulana wa dawati la nyuma

Sasa nitaeleza kosa langu mwenyewe, maana afadhali mtu ajifunze kwa kosa la mwingine.

Nilipokuwa mwanachuo wa ualimu nilipelekwa shule moja kwa mazoezi ya kufundisha. Katika darasa langu alikuwamo mvulana wa Kidato cha Pili aliyechelewa kila siku, na akifika husinzia. Mimi nilikuwa kijana, nikataka kuonekana mwalimu mkali. Siku ya kwanza nilimkemea. Ya pili nilimpa adhabu ya kufyeka majani. Ya tatu nilimpiga viboko mbele ya wenzake. Hakulia wala hakujitetea. Alirudi akaketi kwenye dawati lake la nyuma.

Shuleni hapo alikuwapo mama mmoja, mwalimu wa siku nyingi, ndiye aliyepewa kazi ya ushauri. Hakuwa na chumba. Alikuwa na benchi chini ya mwembe. Alimwita yule mvulana saa ya mapumziko. Baadaye alinieleza kwamba alimwuliza neno moja tu: "Mwanangu, leo umekula nini?"

Mvulana akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema: "Mwalimu, sijala. Nimempikia mama uji, akashindwa, nikamwachia mdogo wangu."

Basi habari yote ikatoka. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Mama alikuwa kitandani tangu mavuno. Kila alfajiri kijana huyo aliteka maji, akamwosha mama yake, akampeleka mdogo wake kwa jirani, ndipo akashika njia ya shule. Jioni aliuza mkaa. Nami nilikuwa nimempiga kwa sababu ya kumtunza mama yake.

Yule mwalimu, akiisha kumwomba mvulana ruhusa, alikwenda kwa mkuu wa shule, kisha kwa mwenyekiti wa kijiji. Majirani wakagawana zamu za asubuhi. Mgonjwa akapelekwa hospitali. Mvulana akaruhusiwa kufika kipindi cha pili kwa muda wa miezi miwili. Hakuwa wa kwanza darasani, nisiwadanganye. Alimaliza Kidato cha Nne na daraja la tatu, akaenda kujifunza useremala. Leo anakula kwa kazi ya mikono yake, na mdogo wake anasoma.

Nilimwomba radhi. Alinijibu, "Yamekwisha, mwalimu." Lakini kwangu hayajakwisha, na ndiyo sababu ninaandika.

Si jambo geni kwetu

Wazee wengine husema: "Hayo ni mambo ya Wazungu. Kumsikiliza mtoto hivyo ni kumdekeza." Ni kweli kwamba huko Marekani kazi hii ina historia yake: mwaka 1908 bwana mmoja, Frank Parsons, alifungua ofisi katika mji wa Boston kuwasaidia vijana kuchagua kazi zinazowafaa, na baadaye mashule yakaifuata. Lakini sisi nasi, je, hatukuwa na washauri? Binti alikuwa na shangazi na somo wake. Kijana alikuwa na mjomba, na babu wa kuota naye moto jioni. Neno ambalo mtoto hakuthubutu kumwambia baba, alimwambia babu. Sasa mtoto yuko mbali na babu kutwa nzima, au muhula mzima. Ni nani ameshika nafasi ya babu? Pasipo mtu, nafasi hiyo hushikwa na yeyote yule: mwenzake asiyejua kitu, au mwanamume mwenye pikipiki anayempa chipsi njiani.

Tena mshauri mwema hafuti adhabu wala hamwambii mtoto kwamba kila alitendalo ni sawa. Humwuliza, humsikiliza, humsaidia aone njia zilizopo na mwisho wa kila njia, kisha humwacha achague iliyo njema na kumsimamia aifuate. Kwa hiyo haifai kazi hiyo apewe mwalimu yuleyule wa nidhamu. Nani atamfungulia moyo mtu aliyeshika fimbo?

Siri na mpaka wake

Mahali pengine kazi hii huharibika kwa sababu ya ulimi. Katika shule moja, nisiyotaka kuitaja, msichana alimweleza mwalimu kwamba baba yake hulewa akawapiga usiku, ndiyo maana hasomi. Aliomba neno hilo lisitoke. Kabla ya chai ya saa nne lilikuwa limefika chumba cha waalimu, na jioni wanafunzi walikuwa wakimwimbia. Hakurudi tena shuleni. Nililijua jambo hili mama yake alipokuja katika ofisi ya parokia kuomba cheti cha ubatizo, binti aende mjini kutafuta kazi ya ndani. Mama mwenyewe ameniruhusu niieleze habari hii bila jina, ili wengine wasipatwe.

Siri ya mtoto, basi, ni amana. Lakini amana hiyo ina mpaka. Mtoto akidhulumiwa mwili wake, au akisema hataki kuishi tena, mwalimu haruhusiwi kunyamaza nayo. Amwambie mtoto waziwazi: "Jambo hili ni zito, tutafute msaada pamoja." Msaada upo: Afisa Ustawi wa Jamii, Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, hospitali, na simu ya watoto namba 116, ambayo hupigwa bila malipo. Namba hiyo iandikeni mlangoni.

Kuchagua njia

Mwalimu mshauri si wa machozi tu. Mwanafunzi wa Kidato cha Nne hutakiwa kuchagua tahasusi ya kusoma Kidato cha Tano, au chuo. Zamani tahasusi zilikuwa chache, mtu akazikariri kama amri. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza nyingine mpya, jumla zikafika 65. Mzazi wa kijijini atazijuaje zote? Mara nyingi baba husema "awe daktari," na mtoto anayechukia kemia hujaza fomu kwa kumwogopa baba. Miaka miwili ikapotea. Mshauri humtazama mtoto: anapenda nini, anaweza nini, maksi zake zasemaje. Humwonyesha pia vyuo vya ufundi vya VETA, vyuo vya maendeleo ya wananchi, vyuo vya ualimu na vya uuguzi. Fundi umeme mwema si mtu aliyeshindwa maisha.

Binti aliyeacha shule

Wazazi wengi bado hawajui habari hii. Zamani msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule za Serikali, na mlango ukafungwa. Tarehe 24 Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba waliokatiza masomo, pamoja na waliojifungua, waweza kurudi katika shule za kawaida. Wengi wanaogopa vicheko kuliko masomo. Hapo ndipo mshauri anapohitajiwa: kumpokea, kuwaonya wanafunzi wenzake, na kusema na bibi atakayelea mtoto. Mzazi aliye na binti wa namna hiyo asimfiche jikoni. Aende kwa mkuu wa shule mapema, maana kuna utaratibu na muda wake.

Wazazi wafanye nini?

1. Siku ya kumpeleka mtoto, ulizeni: "Mwalimu mshauri ni nani?" Msalimuni, mkamkabidhi mtoto mbele ya mtoto mwenyewe.

2. Mtoto akirudi likizo, msianze na "Umekuwa wa ngapi?" Ulizeni kwanza: "Rafiki yako ni nani? Ni nini kilichokufurahisha? Ni nini kilichokusumbua?" Kisha nyamazeni mkasikilize.

3. Angalieni dalili: mtoto aliyependa kula haguswi na chakula, halali usingizi, anajitenga, anagawa vitu vyake, maksi zinashuka ghafula. Hizo si kiburi. Ni hodi anayobisha.

4. Shule ikikuiteni, msije na fimbo mkononi wala aibu moyoni. Njoni na masikio.

5. Katika vikao vya wazazi, tusiseme habari ya michango ya chakula tu. Mwalimu mshauri hufundisha vipindi kama wenzake, kisha hupewa mamia ya watoto. Tuombe apunguziwe vipindi. Tumjengee chumba kidogo chenye mlango, maana mwembe una masikio. Tofali tunafyatua wenyewe.

6. Mtoto apewe saa ya kusoma na taa ya kusomea. Kazi za nyumbani zimgusie kaka kama zinavyomgusia dada.

Wahenga walisema: Mficha maradhi, kilio humfichua. Mtoto hafichi kwa ubaya. Anaficha kwa sababu hajamwona mtu wa kumwambia. Januari ijayo, basi litakapofika, sanduku na godoro vikiisha kupakiwa, baba amwongezee mtoto neno la tatu baada ya yale mawili: "Kasome, mwanangu. Usituaibishe. Na likikushinda jambo, lolote lile, sema, hatutakupiga."

Neno hilo halina gharama. Na siku hiyohiyo mzazi apande basi pamoja naye, akamwone mwalimu wa chini ya mwembe.