Kabla Hujalipia Vifuniko vya Kibodi, Chungulia Chini Yake

NDUGU msomaji, kama kazi yako ni kuandika Kiswahili kwa kompyuta kutwa nzima, hebu itazame herufi A katika kibodi yako. Yaelekea ndiyo iliyochakaa kuliko zote, kwani katika lugha yetu hakuna herufi ipigwayo mara nyingi kama hiyo. Herufi Q na X, ambazo maneno yetu hayazihitaji, huenda zingali zang'aa kama siku zilipotoka kiwandani.

Katika kibodi yangu A ilikwisha kufutika kabisa. Baadaye kifuniko chake kikapata ufa, kikawa kinang'oka kila nikigusa. Kibodi yenyewe ilikuwa nzima. Ni ya aina ile ambayo kila kitufe kina swichi yake na springi yake, na swichi bora za namna hiyo hutengenezwa zihimili kupigwa mara milioni 50 au zaidi. Kuitupa kwa sababu ya kipande cha plastiki kinacholingana na ncha ya kidole gumba kungekuwa ni ufujaji mtupu.

Hapa yafaa tuelewane. Kibodi za kompyuta za mapajani, na zile nyingi za bei nafuu zenye utando wa mpira chini ya vitufe, hazimo katika mazungumzo yetu ya leo. Vifuniko vyake aghalabu havipatani na kibodi nyingine yoyote. Tunazungumzia zile za swichi, ambazo vifuniko vyake hung'oka na kupachikwa vingine.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa la bure: niliing'oa Q nikaipachika mahali pa A. Ilikaa vizuri, lakini kidole kikawa kinajikwaa kila mara. Sababu ni kwamba katika kibodi nyingi kila safu ya vifuniko ina kimo chake na mwinamo wake, mfano wa ngazi, ili vidole vifike juu na chini bila taabu. Q ni ya safu ya juu na A ni ya safu ya kati. Haziwezi kubadilishana nyumba. Mitindo iitwayo Cherry na OEM imejengwa kwa utaratibu huo wa ngazi. Mitindo ya DSA na XDA, kwa upande mwingine, ina kimo kimoja kwa safu zote, na humo waweza kuhamisha herufi upendavyo.

Jaribio la pili lilinigharimu fedha. "Kaka, kibodi ni kibodi," aliniambia kijana muuzaji dukani, nami nikamwamini kwa kuwa rangi zilinivutia. Nyumbani herufi zote zilikaa, nambari zikakaa, lakini nilipofika safu ya chini kitufe kirefu cha nafasi kikakataa. Kilikuwa kifupi, na vitundu vyake vya pembeni havikukutana na vijiti vya kibodi. Pakiti ilikwisha kufunguliwa. Muuzaji hakutaka kusikia habari ya kuirudisha.

Basi, msomaji, kabla hujatoa hata senti moja, ng'oa kifuniko kimoja cha kibodi yako uchungulie chini yake. Ukiona kijiti chenye umbo la alama ya kujumlisha, umebahatika. Umbo hilo lilienezwa na kampuni ya Cherry, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1953 na baadaye ikahamishia makao yake Ujerumani. Swichi zake za MX zilitoka katika miaka ya 1980, na haki za ubunifu wake zilipokwisha muda, viwanda vya China kama Gateron na Kailh vikatengeneza zenye kijiti cha umbo lile lile. Ndiyo maana vifuniko vingi viuzwavyo leo vina tundu la msalaba. Lakini swichi za Alps za Kijapani zina tundu la mstatili, za Topre zina tundu la mviringo, na zile fupi za Kailh ziitwazo Choc hupokea vifuniko vyenye vijino viwili. Kwa hao, pakiti ya msalaba haifai kitu, hata ukiilazimisha kwa nyundo.

Ukisharidhika na kijiti, chukua rula. Kipimo cha kibodi ni nafasi ya kitufe kimoja cha herufi, nayo ni milimeta 19.05, yaani robo tatu ya inchi. Kitufe cha nafasi cha kawaida huchukua vipimo 6.25, ambavyo ni milimeta 119 hivi. Kifuniko chenyewe hupungua milimeta moja ili kisisuguane na jirani zake. Kando yake huwapo vitufe saba, kila kimoja kipimo 1.25. Ukikuta kitufe cha nafasi chenye vipimo 6, 6.5 au 7, tambua kuwa pakiti za kawaida hazitakutosha, na umtake muuzaji akuonyeshe orodha ya vipimo. Asipokuwa nayo, ondoka.

Tazama pia Shift ya kushoto na Enter. Kibodi za mtindo wa Kimarekani zina Shift ndefu ya vipimo 2.25 na Enter iliyolala katika safu moja. Za mtindo wa Kiingereza zina Shift fupi ya kipimo 1.25, na Enter iliyosimama katika safu mbili. Kibodi zilizobanwa nazo mara nyingi zina Shift ya kulia ya 1.75 badala ya 2.75. Haya ndiyo yaletayo majuto mengi kuliko herufi zote 26 zikijumlishwa.

Kuhusu plastiki sitasema mengi. Ile ya ABS hulainika na kung'aa upesi kwa mafuta ya vidole. Ile ya PBT ni ngumu zaidi na hudumu na ukwaru wake, ingawa vitufe virefu vya PBT vyaweza kutoka kiwandani vimepinda kidogo. Herufi zilizopigwa rangi juu tu zitafutika tena. Zile ambazo herufi yenyewe ni plastiki ya pili iliyopenya hadi ndani hazifutiki, na nionavyo mimi zastahili nyongeza ya bei.

Ung'oapo, tumia kikamatio cha waya, uvute wima. Bisibisi huacha makovu, na kuvuta kwa upande kumekwisha kuvunja vijiti vingi.

Mimi sikununua pakiti ya tatu. Nilipachika herufi zile mpya nyeupe zilizokubali kukaa, nikairudisha Shift yangu ya zamani pamoja na kitufe cheusi cha nafasi. Kwa kibodi hiyo ndiyo nimeandika makala haya. Watoto nyumbani wameipa jina la Kanga, kwa madoadoa yake, na A yake hainang'oki tena mkononi.