Je, Mwani Watuliza Uvimbe?

Maji yanapokupwa Kibuyuni na Mkwiro, kusini mwa Kwale, akina mama huingia baharini kukagua kamba walizofungia mwani. Zao hili limewapa wengi kipato. Siku hizi twalisikia likisifiwa pia kuwa ni dawa ya maumivu ya viungo. Yatupasa, wasomaji wetu, tuipime sifa hiyo.

Uvimbe wenyewe si adui. Vijidudu viingiapo mwilini, seli za kinga ziitwazo makrofaji huvimeza na kutoa kemikali za kuita msaada. Hapo ndipo mahali huvimba na kupata moto. Taabu huja wito huo usipokoma, kama ilivyo katika baridi yabisi, ambapo kinga hushambulia viungo vya mwenyewe.

Watafiti wamezichokoza makrofaji za panya kwa sumu ya bakteria, kisha wakazitilia fukozanthini, rangi iliyomo katika mwani wa kahawia. Seli hizo zilipunguza kutoa kemikali za uvimbe. Fukoidani, iliyotengwa kutoka mwani huo na Harald Kylin wa Uswidi mwaka 1913, imeonyesha dalili kama hizo.

Lakini mwani ni wa namna nyingi. Ule ulimwao kwetu ni wa jamii nyekundu, nao hutoa karajini, ute unaotiwa katika aiskrimu na dawa ya meno. Tangu miaka ya 1960, watafiti huidunga karajini katika wayo wa panya kusudi uvimbe, ndipo wajaribu dawa za kutuliza uvimbe. Kudungwa si sawa na kula. Hata hivyo, sifa ya mwani mmoja haifai kuvikwa mwingine.

Tena, seli zilizo katika kisahani cha maabara si mgonjwa kamili. Basi mama mwenye magoti yanayovimba asiache dawa alizoandikiwa. Mjamzito, mwenye maradhi ya tezi ya shingo, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, wamwulize daktari kabla ya kununua unga wa mwani; kwani mwani huweza kuwa na iodini nyingi, na fukoidani huzuia damu kuganda.

Mola ametujaalia bahari yenye hazina. Shukrani yetu na iwe kuitafuta tiba kwa elimu, wala si kwa uvumi.