Punia: Saa ya Ulaya ikigeuka, kikao cha familia kinapishana

Huko Punia, jimbo la Maniema, familia zenye ndugu Kinshasa na Ubelgiji zinapanga matanga na mahari kwa simu. Shida ni saa. Punia iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja, mwaka muzima. Ubelgiji yenyewe inageuza: tangu Jumapili ya mwisho ya Machi, Bruxelles inakuwa na saa ya Punia, Jumapili ya mwisho ya Oktoba, inarudia saa ya Kinshasa.

Basi Novemba, ndugu wa Bruxelles akiandika tu “saa tatu asubuhi”, wa Punia anaingia saa nzima mapema. Mega zinaisha akingoja, na mahari inakatwa bila yeye. Heri kuandika: saa nne ya Punia, saa tatu ya Bruxelles.

Wa Dubai hawageuzi: wako mbele ya Punia kwa saa mbili, siku zote.