Ganda la Ndizi Halinasi Kila Uchafu

Nyacheki, kwenye vilima vya Kisii, si rahisi kukuta boma lisilo na maganda ya ndizi, magunzi ya mahindi au mkaa wa mkaratusi. Vyote hivyo vinaweza kunasa uchafu ulioyeyuka majini, ule unaopenya kitambaa cha kuchujia. Ila kwanza ujulikane ni uchafu gani.

Kazi yote hufanyika kwenye uso wa kitu. Mkaa umejaa vitundu visivyoonekana kwa macho, na uchafu hunata kwenye kuta zake. Gramu moja ya mkaa uliotengenezwa kiwandani kwa kazi hii inaweza kuwa na kuta za zaidi ya mita za mraba 1,000, karibu robo eka. Kwa Mkisii anayegawana shamba na ndugu zake, hiyo si ardhi ya kudharau. Mkaa wa jikoni una uso mdogo zaidi, ingawa nao hupunguza rangi na harufu.

Ganda la ndizi lina njia yake. Pektini iliyomo ina chaji hasi, hivyo risasi na shaba, zenye chaji chanya, hushikwa hapo. Mwaka 2011 watafiti wa Brazili walilithibitisha hilo kwa maganda yaliyokaushwa na kusagwa, wakitumia maji ya mto Paraná. Ganda bichi huoza na kuchafua maji yenyewe. Na lililokwisha kushiba risasi halifai kulishwa ng'ombe wala kutupwa mgombani.

Nakuru kuna mfano mkubwa zaidi. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina floridi iliyopita miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani, na meno ya kahawia ndiyo ushahidi. Dayosisi ya Kikatoliki ya huko ilianzisha utengenezaji wa vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mkaa wa mti haungefaa, kwa kuwa floridi hufuata kalsiamu na fosfeti za mfupa. Hata tanuri lina masharti: moto ukizidi mkaa hupoteza nguvu, ukipungua maji hunuka.

Vilima vya Kisii vina shida nyingine. Wengi huteka kwenye chemchemi zilizo chini ya mashamba na vyoo vya shimo, kwa hiyo adui mkuu ni vijidudu, na hao ganda wala mkaa hauwaui. Mimi ningejengea chemchemi kwanza, kisha nichemshe maji au nitie klorini. Anayetaka kutumia mkaa pia, atie klorini mwishoni, kwa sababu mkaa huiondoa klorini majini.