Kanuni Inayojiita Yenyewe: Uchanganuzi wa Sentensi Katika Kompaila

Kompaila ni programu inayosoma maagizo yaliyoandikwa na mwanadamu na kuyageuza yawe lugha ya mashine. Huenda msomaji akauliza, hili lamhusu nini mwanafunzi wa isimu? Lamhusu sana. Kompaila huchanganua maagizo kwa kanuni zinazofanana mno na zile tunazoandika ubaoni tunapoigawa sentensi kuwa KN na KT. Chomsky alizieleza kanuni za miundo virai mwaka wa 1956 na 1957. Mwaka wa 1959 John Backus akawasilisha mtindo wa aina hiyo wa kuielezea lugha ya kompyuta iliyokuja kuitwa Algol.

Tuchukue kirai "mtoto mdogo mtiifu". Darasani tungeandika:

KN → KN + V
KN → N

Mwanadamu haoni tatizo lolote hapa. Kichanganuzi kinachofuata kanuni kutoka juu kwenda chini, na kutoka kushoto kwenda kulia, huangamia. Ili kiipate KN, kanuni inakiambia kitafute kwanza KN. Ili kiipate hiyo, kitafute KN nyingine. Neno "mtoto" halijaguswa bado. Ni kama mjumbe aliyetumwa sokoni ambaye, kabla hajavuka kizingiti, anamtuma mwenzake, naye mwenzake anamtuma mwingine, na wote wanabaki mlangoni wakingoja jibu. Kila anayengoja huchukua nafasi katika kumbukumbu ya kompyuta. Nafasi ikiisha, programu huanguka.

Tiba inayojulikana ni kuigeuza kanuni ianze na kitu kinachosomeka:

KN → N + M
M → V + M, au kapa

Virai vinavyokubalika ni vilevile, ila mchoro matawi sasa umeegemea upande mwingine. Wapo wanaoliona hilo kuwa jambo dogo. Mimi sioni hivyo. Hebu tutazame hesabu 10 - 4 - 3. Tukiunganisha kuanzia kushoto, jibu ni 3. Tukianzia kulia, ni 9. Kwa hiyo mtunzi wa kompaila hulazimika kuujenga upya mchoro uegemee kushoto baada ya kusoma.

Hitilafu hiyo angalau huonekana kwa kuzikagua kanuni zenyewe. Iko nyingine iliyo ngumu zaidi. Katika lugha ya C++, mwandishi anaweza kutunga kiolezo kinachodai nakala yake chenyewe, tena na tena, wakati kompaila ingali kazini. Alan Turing alithibitisha mwaka wa 1936 kwamba hakuna utaratibu wa jumla wa kubashiri iwapo kazi ya namna hiyo itakoma. Lililobaki ni kuweka kikomo: kiwango rasmi cha C++ cha mwaka wa 1998 kilipendekeza ngazi 17, na kile cha 2011 kikapendekeza 1024. Kompaila isiyo na kikomo hicho hula kumbukumbu yote bila kutoa hata ujumbe wa kosa. Hapo, ingawa mwandishi wa maagizo ndiye aliyekosea, lawama ya kuanguka ni ya kompaila.