JE, UBONGO ULIOUMIA WAWEZA KUFANYIWA UKARABATI?

Mtu akivunjika mguu, mfupa huunga. Akijikata kwa panga, ngozi hufunga. Lakini akianguka na bodaboda katika njia ya Pongwe akaumia ubongo, huenda jeraha la nje likapona, naye akabaki na mkono uliopooza au ulimi mzito. Kwa nini?

Ubongo wa mtu una seli za fahamu, yaani chembe hai, zipatazo bilioni 86. Zikifa, karibu zote hazizaliwi tena. Mahali pake hubaki shimo lenye majimaji, na kandoye kovu linalozuia nyuzi za fahamu kupita.

Basi wataalamu wakatafuta mbegu, nayo ni seli shina. Hii ni seli changa isiyochagua kazi bado, iwezayo kuzaa seli za namna nyingine. Uloto ulio ndani ya mifupa yetu unazo seli shina za damu. Tangu mwaka 2023, Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imepandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Nako Japani, mwaka 2006, Shinya Yamanaka aligeuza seli za ngozi ya panya zikawa kama seli shina. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2012 pamoja na John Gurdon.

Lakini ubongo si damu. Seli zikimiminwa katika shimo la ubongo, nyingi hufa, kwa kuwa hazina pa kushika. Ndugu msomaji, hata sisi tunaojenga nyumba za udongo hatukandiki hewani. Kwanza husimamishwa nguzo, hufungwa fito, ndipo udongo hukandikwa. Wataalamu nao hutengeneza fito zao, ndogo mno na laini kama ute. Baadhi hufanywa kwa kitosani, kitu kitokacho katika magamba ya kaa na kamba wa baharini, yale tunayoyatupa jalalani. Seli hushika humo na kumea, kisha fito huyeyuka polepole.

Je, dawa imepatikana? Bado. Kazi ya fito ingali ikijaribiwa, zaidi kwa wanyama wa maabara. Mwezi wa Julai 2024 Japani ilitoa kibali cha masharti na cha muda kwa seli zitokazo katika uloto, ili wapandikizwe watu waliopooza kwa kuumia ubongo. Lakini hizo hazitumii fito. Kwa hiyo, wazazi wetu, asije mtu akauza shamba kwa sababu ya tangazo la kuahidi ubongo mpya. Waulizeni kwanza madaktari wa hospitali zetu.

Na sisi wanafunzi tupandao bodaboda wakati wa kufunga shule, tusikatae kofia ngumu kwa kuogopa joto au jasho. Mfupa utaunga, ubongo bado haujapata fundi.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne