KOMPYUTA ZA MAJUMBANI ZAHESABU MVUA YA UKAMBANI

Atokaye Mombasa kwa gari kwenda Nairobi, akishaipita Voi na kufika Mtito Andei, huwa amekwisha kuingia Makueni. Kuanzia hapo atavuka madaraja ambayo chini yake hamna maji, ila mchanga umelala mweupe kama unga. Mgeni hujiuliza daraja limejengwa la nini. Mwenyeji hajiulizi. Anajua kwamba ipo siku katika Novemba mto huo utashuka usiku kwa kishindo, na baada ya wiki chache utarudi kuwa mchanga.

Sisi watu wa pwani tuna haki ya kuuliza habari za mvua hiyo, maana mwisho wake hutufikia. Mto Athi unaopita katika nchi ya Wakamba ndio huo tuuitao Galana na kisha Sabaki, na ile rangi ya kahawia inayoingia baharini kaskazini ya Malindi ni udongo wa mashamba ya bara. Hata maji ya chemchemi za Mzima, ambayo Mombasa huyanywa kwa bomba, asili yake ni mvua inyeshayo juu ya vilima vya Chyulu mpakani mwa Makueni, ikazama katika mawe ya volkano na kutokea upande wa pili.

Basi habari ya leo ni ya mvua hiyo, lakini inapitia mahali ambapo msomaji hapatazamii, yaani kompyuta iliyo juu ya meza nyumbani.

Wavu wenye matundu makubwa

Mkulima wa Kitui hutegemea vuli, mvua za Oktoba hadi Desemba, kuliko masika. Wengi hupanda kabla ya mvua, mbegu ikae ardhini kungoja: kunde, ndengu, mbaazi na yale mahindi ya Katumani yanayokomaa upesi. Mvua ikinyesha mara moja ikaiotesha mbegu, kisha ikakatika wiki tatu, mbegu imekufa na mwenyewe hana nyingine ila ya kukopa. Tena mvua ya huko haina usawa. Wingu moja huweza kulilowesha shamba la huyu na kuliruka la jirani yake. Milima ya Mbooni ikawa ya kijani na bonde lililo chini likabaki vumbi.

Hapo ndipo hesabu ya utabiri inapopata taabu. Wataalamu wa hali ya hewa huigawa nchi kwa miraba, mfano wa wavu wa mvuvi, na kila mraba hupigiwa hesabu ya joto lake, upepo wake na unyevu wake. Mraba ukiwa wa kilomita 10 kila upande, wingu la Mbooni hupita katika tundu. Kulinasa kwataka tundu la kilomita 1. Lakini ukiupunguza mraba hivyo, mahali pa mraba mmoja pana miraba 100, na muda nao lazima ukatwe vipande vifupi mara 10 zaidi. Kwa hiyo kazi yaongezeka mara 1,000. Kuifanya kazi hiyo kwa Afrika yote iliyo kusini ya Sahara kwataka mitambo ambayo watu wachache wanaweza kuilipia.

Mwezi wa Oktoba 2019, Chuo Kikuu cha Ufundi cha Delft, Uholanzi, kilishika njia nyingine kwa mradi ulioitwa Africa Rainfall Project. Kazi iliwekwa chini ya World Community Grid, mpango wa kugawa hesabu ulioanzishwa na IBM mwaka 2004. Mwenye kujitolea huweka katika kompyuta yake programu iitwayo BOINC, iliyotoka Chuo Kikuu cha California kule Berkeley. Mashine inapokuwa haina shughuli hupokea kipande cha hesabu, ikakifanya, ikakirudisha, na mwenyewe hatakiwi hata kujua hisabati. Bara liligawanywa kwa vipande zaidi ya 35,000, kila kimoja upana wake kama kilomita 52, na kila safari mashine huhesabu saa 48 tu za hali ya hewa ya kipande chake.

Profesa Nick van de Giesen wa Delft, aliye nyuma ya mradi huo, ndiye aliyeanzisha pia, pamoja na John Selker wa Chuo Kikuu cha Oregon State, mpango wa TAHMO wa kuweka vituo vidogo vya kupimia hali ya hewa barani Afrika, vingi vyake katika viwanja vya shule, kusudi likiwa vifike 20,000. Hesabu ya mashine bila kipimo cha ardhini ni sawa na mizani isiyowahi kupimwa kwa jiwe la haki.

Nieleze jambo moja hapa nisije nikalaumiwa. Kazi hii haikukusudiwa kumwambia mtu wa Ikutha kama mvua itanyesha Alhamisi. Ni kuurudia kwa hesabu mwaka uliokwisha kupita, kwa undani ambao haukuwahi kupatikana, ili wataalamu wajue mawingu ya namna ile huzaliwaje na utabiri wa baadaye urekebishwe. Na wala si kudai ghaibu, ambayo aijuaye ni Mwenyezi Mungu peke yake. Nahodha naye husoma kaskazi na kusi kabla ya kutweka tanga, na hapana aliyemwambia amekosa adabu.

Mwethya wa mashine

Wakamba wana neno mwethya, maana yake kazi ya kijiji inayofanywa na wote bila ujira. Kwa mwethya wamejenga kuta za mawe kukata mito yao mikavu, mamia yake huko Kitui zikisaidiwa na shirika la SASOL. Mafuriko huleta mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na maji yakajificha ndani ya mchanga, jua lisiyafikie. Mwanamke huja kiangazi akachimba kidogo akateka.

Katika kazi kama hiyo jiwe likipitishwa mkono kwa mkono, mwenye nguvu kuliko wote hana faida akiwa jirani yake amelishika jiwe na kuzungumza. Hesabu ya mvua ina tabia hiyo hiyo. Siku ya tatu na ya nne haziwezi kuhesabiwa mpaka ya kwanza na ya pili zirudi, na mwaka mzima ni mapokezano 183. Mashine moja ikikaa na kipande chake wiki nzima, kipande hicho cha nchi kimesimama.

Kwa sababu hiyo, ubishi wa vijana juu ya kompyuta ipi ni kali mara nyingi huwa wa bure. Hutaja kasi iliyoandikwa kwenye kibandiko. Prosesa ya siku hizi ina viini kadhaa, mfano wa wapishi katika jiko moja, na wote huchukua vitu katika ghala moja, ndiyo kumbukumbu ya mashine. Ziko kazi za mpishi anayekaa na sufuria yake. Hesabu ya hali ya hewa ni ya mpishi anayeingia na kutoka ghalani kila dakika. Ukiwaweka wanane husongamana mlangoni. Mashine ya viini vinane ikipewa vipande vinne tu vya mvua, na viini vilivyobaki vikapewa kazi nyepesi, kila kipande humalizika mapema zaidi, na jumla ya siku mara nyingi haipungui sana. Mwenye kutaka kuhakikisha asisikilize maneno ya dukani. Apime vipande kadhaa vya aina moja, abadilishe jambo moja, apime tena.

Kupandisha kasi ya mashine kupita alivyoiweka mtengenezaji ndiko nisikokupenda kabisa. Katika kazi nyingi za namna hii jibu lako hulinganishwa na la mashine ya mtu mwingine. Yakitofautiana, hesabu hutumwa upya kwa wa tatu. Prosesa iliyochemka hukosea bila kukwambia, na waliochelewa ni wote.

Joto la Kitui mwezi wa Oktoba halina mzaha, na kompyuta ikipata moto hujipunguzia kasi yenyewe. Brashi ya kutoa vumbi katika feni hufaa kuliko maarifa mengi. Ya kubebeka iinuliwe na vijiti viwili ipate hewa chini, na katika BOINC iamriwe itumie viini nusu tu. Kisha kuna umeme. Programu ya mvua huandika ilipofikia kwa nadra. Taa zikizimika hurudi nyuma hadi alama ya mwisho, na saa nzima za kazi hupotea. Kwa hiyo kompyuta ya kubebeka, yenye betri yake, huweza kuishinda kubwa isiyo na kinga. Pia kuna amri ya kuiacha kazi katika kumbukumbu inaposimamishwa. Wengi huisahau, na kila wanapoigusa mashine kuandika barua, hesabu hurudi nyuma.

Gharama je? Kompyuta ya mezani inayokula wati 100 mchana na usiku humaliza yuniti 2.4 kwa siku. Ya kubebeka ya wati 30 humaliza 0.72. Tuseme ya kwanza imetoa vipande vinne na ya pili viwili. Kila kipande cha kwanza kimekula yuniti 0.6, na cha pili 0.36. Mita ya tokeni ukutani itakupa hesabu yako mwenyewe. Mafaili ya mvua nayo ni makubwa kuliko ya kazi nyingine, na bando la intaneti huisha. Simshauri mwenye kununua tokeni za shilingi hamsini ajiunge. Lakini ofisi au duka lenye mashine inayowaka kutwa nzima bila kazi, hilo silioni lina udhuru gani.

Mwaka 2021 IBM iliukabidhi mpango kwa Taasisi ya Utafiti ya Krembil ya Toronto, Kanada, na uhamisho huo uliisimamisha kazi kwa muda mrefu mwaka uliofuata. Anayetaka kujiunga aangalie kwanza kama vipande vya mvua vinagawiwa, maana hukatika na kurudi.

Mwenye umeme wa jua juu ya paa, kama walivyo wengi Makueni, huweza kuiamuru mashine ihesabu kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa tu, betri ya nyumba isiguswe usiku. Siku mawingu yakitanda juu ya Wote na matone ya kwanza yakaanza kugonga mabati, mashine hiyo itazimwa, na mwenyewe atatoka nje kutega mapipa.